Pasipohisi pasipashwe moto: jibu kwa mwenye ganzi baada ya kunyooshwa mgongo

Itoe hiyo chupa ya maji ya moto mgongoni sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, na umwambie shangazi yako aliweke taulo chini. Salamu tutapeana baadaye.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema ulifanyiwa upasuaji wa kunyoosha uti wa mgongo miezi minne iliyopita, umerudi nyumbani Buhongwa, una sehemu yenye ganzi pembeni ya mshono na nyingine upande wa nje wa paja, na unataka kujua mambo manne: ganzi itaisha lini, kama unaweza kurudi dukani ukakaa kutwa nzima, kama unaruhusiwa kupanda bodaboda, na kama sindano za vitamini zinasaidia. Kisha mwishoni kabisa, kama jambo lisilo na uzito, ukaongeza kwamba shangazi anakukanda kila jioni kwa maji ya moto yenye chumvi, na kwamba usiku unalalia chupa ya mpira ili mishipa ya fahamu iamke. Wachangiaji watatu walionitangulia wamekupongeza, na mmoja wao ameshauri uongeze tangawizi. Mdogo wangu, hilo uliloliweka mwishoni ndilo swali lenyewe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka minane nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu namna joto linavyosafiri, nikiwachorea sufuria na kijiko ubaoni, na bado niliunguzwa mgongo nikiwa macho, kwa fedha yangu, huku nikisema ahsante. Cheka kwanza. Wenzangu ofisini walishacheka wakachoka.

Mgongo wangu ulikuwa umepinda nyuzi 62. Kwa kawaida madaktari huanza kuzungumzia kisu pale pindo linapozidi nyuzi 45 au 50, kwa hiyo sikuwa na mengi ya kubishana nao; nilisafiri hadi Dar es Salaam, nikawekewa skrubu na vijiti viwili vya chuma, na pingili zikaunganishwa ili zigande ziwe mfupa mmoja. Nilipozinduka waliniambia nichezeshe vidole vya miguu, vikacheza, tukamshukuru Mungu. Ganzi niliigundua siku ya tatu, muuguzi alipokuwa akinifuta mgongo na mimi nikamuuliza ataanza lini.

Daktari alinieleza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alisema ganzi ya paja inatokana na kulala kifudifudi kwa saa nyingi mezani, nyonga ikiwa imegandamizwa kwenye mito ya meza, na hapo karibu na mfupa wa nyonga ndipo unapopita mshipa wa fahamu unaoleta hisia za ngozi ya paja kwa nje. Mshipa huo haunyanyui mguu wala haukunji goti, kazi yake ni kuhisi tu, na ukibanwa bila kukatwa huamka wenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa. Ganzi ya mgongoni ni habari nyingine, kwa sababu kisu hakiwezi kupita bila kukata vijishipa vidogo vya ngozi, na hivyo huota upya taratibu, kwa kadirio la milimita moja kwa siku mambo yakienda vizuri, na vingine havirudi kabisa. Kisha akaniruhusu na karatasi yenye dawa, tarehe ya kliniki na orodha ya vitu nisivyotakiwa kubeba. Ndoo ya maji ilikuwamo, gunia lilikuwamo, hata mtoto alikuwamo. Neno joto halikuwamo. Karatasi ile inanikera mpaka leo.

Mwezi wa tatu nikachoka kusubiri. Jirani akaniletea mzee mmoja anayejiita mtaalamu wa mishipa, mwenye kibanda chake karibu na stendi, ambaye simtaji jina kwa sababu sitaki kumpatia wateja. Alinibonyeza mgongo kwa kidole gumba, akanyamaza kwa muda mrefu kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, kisha akatamka sentensi iliyonigharimu kiwanja cha Buswelu: "Mshipa umelala. Tutauamsha kwa moto, na usipouhisi moto tunaongeza, mpaka siku utakapouhisi."

Hebu irudie sentensi hiyo polepole. Ngozi isiyohisi ndiyo iliyopewa kazi ya kusema basi, inatosha. Ni sawa na kumweka kiziwi langoni ili akuamshe mbwa akibweka. Mimi, mwenye shahada, nilitikisa kichwa kukubali, na nikamuuliza kama chumvi iwe ya mawe au ya unga.

Nilikandwa kila jioni kama mzazi wa siku tatu, mwanaume mzima mwenye ndevu nimeinama juu ya beseni la bluu. Siku ya nne nilianza kuhisi kama sisimizi wanatembea pembezoni mwa ile sehemu yenye ganzi, na hapo ndipo nilipopotea moja kwa moja, kwa sababu niliamini ni moto uliowaleta. Kumbe hisia ya sisimizi, kuwashwa na vichomo kama vya umeme mara nyingi ndiyo dalili ya mishipa inayorudi yenyewe, tena huanzia pembezoni kuelekea katikati, na ilikuwa inakuja kwa wakati wake bila kumsubiri mzee wala beseni lake. Paja langu, ambalo alisema tutalishughulikia baadaye, liliamka lote mwezi wa tano bila kuguswa na tone la maji ya moto.

Jioni ya siku ya sita mke wangu alikuwa msibani Sengerema, na mpwa wangu wa miaka 14 ndiye aliyechanganya maji: nusu beseni kutoka kwenye birika lililokuwa likichemka jikoni, nusu kutoka bombani. Hapa kwetu Mwanza, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi; ya bomba huwa kama 25; changanya nusu kwa nusu unapata nyuzi 60. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wangu yeyote angeifanya kwa dakika moja. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima hadi ndani kwa sekunde kama tano, na hata ya nyuzi 49, ambayo mtu anaweza kuyavumilia huku akilalamika, huunguza yakikaa dakika kumi. Mtoto alishika ncha za taulo, akalikamua harakaharaka huku akipuliza vidole, akanibandika. Nikamwambia sihisi kitu. Akaongeza. Nikamsifu kwamba ana mkono mzuri, kisha nikaenda kulala chali juu ya chupa ya mpira, nikiwa nimeridhika kabisa.

Asubuhi mke wangu aliingia na vumbi la safari, akasimama mlangoni akasema, "Baba Kulwa, mbona fulana imekunatia mgongoni?" Akaivuta kidogo kwa vidole viwili, nami nikasikia sauti kama ya plasta inayobanduliwa. Nilisikia sauti tu, ndugu zangu. Maumivu sikuyapata. Alipolowesha fulana kwa maji safi na kuibandua, ngozi ya upana wa kisosi ilikuja nayo, na chini yake palikuwa na weupe, si wekundu. Baadaye niliambiwa kwamba weupe ndio mbaya zaidi, kwa kuwa unaonyesha moto umefika chini kabisa.

Jambo lililowatisha madaktari wa hapa Mwanza halikuwa ngozi yenyewe bali kilichokuwa chini yake. Kidonda kilikuwa kando ya mshono, na chini ya mshono kuna chuma, na vijidudu vikifika kwenye chuma hujificha juu yake mahali ambapo dawa huwafikia kwa shida, mpaka pengine mgongo ufunguliwe upya na kusafishwa. Nilitazamwa homa kila siku kama mtoto mchanga. Nilisafishwa kidonda kwa wiki tisa, nikipanda daladala kutoka Nyegezi nimesimama, nikiwaomba abiria wasiniegemee, na mwishowe nikapandikizwa ngozi iliyochunwa kwenye lile paja jingine ambalo halikuwa na tatizo lolote. Matokeo yake, paja lililokuwa na ganzi likapona, na lililokuwa zima likaanza kuwasha usiku. Kiwanja cha Buswelu kiliondoka wiki ya saba. Nilipokutana na yule mzee stendi, aliniambia joto lilikuwa limetoa uchafu na nilikosea kuacha katikati.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaiandika kwa ukamilifu: ngozi isiyohisi haiwekewi kitu chochote cha moto, hata kiwe vuguvugu kwa mujibu wa mtu mwingine. Usiniambie kwamba shangazi anapima kwanza kwa mkono wake. Mikono ya mama zetu imezoea kuepua sufuria ya ugali bila kitambaa, na kwao yanayotuunguza sisi ni ya kunawia. Isitoshe, ngozi iliyopoteza mishipa yake ya fahamu huenda isiongeze damu vya kutosha kulisafirisha joto liende kwingine, hivyo linabaki palepale likifanya kazi. Kanuni hii inahusu pia vitu ambavyo huvifikirii, kama kuegemea mawe yetu saa kumi jioni ukianua nguo, maana mawe ya Mwanza hutunza jua hadi giza liingie, au kukaa juu ya siti nyeusi iliyoachwa juani ukiwa umevaa kitenge chepesi. Barafu nayo iko kwenye kanuni hiyohiyo. Baada ya moto kuniharibu, jamaa mmoja wa soko la samaki la Mwaloni aliniletea kwa nia njema kabisa mfuko wa barafu ya kuhifadhia sangara ili nipooze mishipa, na nilimfukuza kwa maneno ambayo ilibidi nimwombe radhi baadaye.

Mkono mtupu unaruhusiwa, mshono ukishafunga vizuri na daktari wako akikubali. Kuigusa ngozi kwa pamba, kwa kitambaa laini kisha chenye kukwaruza kidogo, dakika chache kila siku, huufundisha ubongo kuzitambua upya habari zinazotoka pale, na hakujawahi kumuunguza mtu. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenifundisha hilo alinitoza fedha kidogo kuliko yule mzee wa kibanda, na nadhani ndiyo sababu sikumtafuta mapema.

Kuna ganzi ambayo haisubiriwi hata siku moja, na hii usiichanganye na ya kwako. Ikiwa ganzi inaenea badala ya kupungua, ikiwa mguu unaanza kulegea au unyayo unaburuta, ikiwa unapoteza hisia sehemu unazokalia na sehemu za siri, au ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, unakwenda hospitali saa ileile, usiku au mchana, hata kama shangazi ameshachemsha maji. Vivyo hivyo mshono ukianza kutoa majimaji au ukapata homa isiyoeleweka.

Kuhusu sindano za vitamini, uliza kwanza kama damu yako imepimwa ikaonekana una upungufu wa B12, maana kama upungufu upo, hapo zina kazi. Kama haupo, hazitaharakisha ile milimita moja, na B6 ikizidi sana kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi, kwa hiyo utakuwa unanunua ugonjwa uleule unaoukimbia. Ungekuwa na kisukari ningesema pia uanze na sukari, lakini hukusema kama unacho.

Kukaa dukani kutwa na kupanda bodaboda mwulize daktari aliyekupasua, hayo mimi siyawezi. Na ganzi itaisha lini? Miezi minne bado ni mapema. Ya paja nina matumaini nayo makubwa. Ya mgongoni hupungua kwa miezi mingi, mwaka na zaidi, na huenda ukabakiwa na kipande. Mimi sasa ni mwaka wa nne. Ile ganzi ya mwanzo, iliyokuwa upana wa kiganja, imebaki kama sarafu ya shilingi mia mbili. Kovu la moto halihisi chochote na halitahisi.

Shangazi usimfukuze, mbadilishie kazi. Mpe pamba na kalamu ya wino, ulale kifudifudi umefumba macho, akuguse kuanzia mahali pazima kuelekea kwenye ganzi, na kila mahali utakaposema hapa sihisi aweke nukta, kisha aziunganishe nukta na kupiga picha kwa simu. Mke wangu alinichorea hivyo kila tarehe mosi baada ya kidonda kufunga, na nilipoziweka picha za Juni na Septemba pamoja ndipo nilipoona kwamba mpaka ulikuwa ukisogea wenyewe muda wote. Akikataa kuacha beseni, mwache aniandikie hapahapa. Ile fulana sikuitupa. Iko kwenye mfuko juu ya kabati, na kutoka Nyegezi hadi Buhongwa si mbali, Jumamosi naweza kuja nayo.