Nyanya zaoza kitako

SWALI: Nipo Dodoma, maji ni ya mgawo. Nyanya zangu zinatoka doa jeusi kitakoni zikiwa bado mbichi. Nipige dawa gani?

JIBU: Usipige dawa yoyote, hakuna mdudu wala ukungu hapo. Udongo ukikauka kabisa kisha ukafurikishwa, madini ya kalsiamu hayafiki vizuri kwenye tunda, kitako kinakufa. Mpe kila mche lita 3 hadi 4 alfajiri, siku moja ndiyo, moja hapana, bila kuruka zamu. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, zisiguse shina. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Ya sabuni ya unga yana chumvi, mwaga kwingine. Mbolea ya yurea simamisha kwanza: inakuza majani, matunda yanakosa kalsiamu. Yaliyooza yachume, hayaponi.