Antihistamini inatuliza pua, kifua bado kinabana

SWALI: Daktari, nina pumu na mzio wa vumbi. Nikimeza antihistamini, chafya na mwasho wa macho huisha, lakini kifua hubana, hasa saa kadhaa baada ya kukutana na vumbi. Nasoma biolojia, hivyo naomba jibu la kina: ni vipokezi gani vya seli za kinga vinavyohusika?

JIBU: Chini ya utando wa njia za hewa kuna seli za masti, aina ya seli za kinga. Juu yake zina vipokezi FcεRI, ambavyo hushika mkia wa kingamwili IgE (kingamwili ya mzio) na kutoiachia kirahisi: IgE iliyo huru kwenye damu hupungua nusu kwa siku 2 hivi, ila iliyoshikwa hukaa wiki kadhaa. Kukaa tu hakudhuru. Shida huanza chembe moja ya kizio (kitu kinacholeta mzio, kama vumbi) inapounganisha IgE mbili au zaidi, vipokezi vyake vikavutwa pamoja. Mvuto huo ndio unaoiamsha seli, na kwa dakika chache humwaga histamini, kisha hutengeneza kemikali nyingine, lukotrieni na prostaglandini D2.

Antihistamini yako huziba kipokezi kimoja cha histamini, H1, peke yake. Puani hiyo yatosha kwa sehemu kubwa, kwani chafya na mwasho hupitia hapo. Kifuani, misuli hubanwa kwa nguvu zaidi na lukotrieni kupitia kipokezi CysLT1, ambacho huzibwa na dawa ya montelukasti.

Mbano wa baadaye ni habari nyingine, na ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Seli za kinga, yaani seli T aina ya Th2 na seli ILC2, hutoa interleukini (IL), protini zinazopeleka ujumbe kati ya seli. IL-5, kupitia kipokezi chake, huzipa eosinofili, seli nyeupe za damu zinazochochea uvimbe, uhai mrefu. IL-4 huzielekeza seli B kutengeneza IgE zaidi, na IL-13 huongeza makohozi na kuzifanya njia za hewa zibane kwa urahisi. Hizi mbili hutumia sehemu moja ya kipokezi, IL-4Rα. Ndiyo maana dawa ya dupilumabu, kwa kuiziba hiyo tu, huzinyamazisha zote mbili. Dawa nyingine, omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, hushika IgE kabla haijafika kwenye seli. IgE ikipungua, hata idadi ya FcεRI juu ya seli hushuka, jambo ambalo bado naliona la ajabu.

Dawa hizo mbili za sindano ni za pumu kali isiyotulizwa na tiba ya kawaida. Msingi unabaki inhela ya steroidi, inayopunguza utengenezaji wa nyingi kati ya interleukini hizi, basi usiiache hata ukijisikia nafuu. Kifua kikibana, tumia inhela ya kutanua njia za hewa uliyoandikiwa, si kidonge cha chafya. Usipopata nafuu, nenda hospitali mara moja. Mweleze pia daktari anayekutibu kwamba mbano huja saa kadhaa baadaye, na umuulize kuhusu kupima eosinofili za damu pamoja na IgE.