Fedha za Paa la Mama na Msimu Uliofutwa

Mdogo wangu,

Umeniandikia kwamba hapo Tanga inasemwa nililipwa dola mwaka mzima wa 2020 bila kugusa mpira, na kwamba fedha za kumalizia paa la mama nilizila peke yangu. Unauliza kwa sababu nawe unataka kuja kuchezea chuo cha Marekani, kwa hiyo nitakujibu kwa ukweli, ingawa neno hilo la paa limeninyima usingizi.

Tarehe 5 Agosti 2020, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilifuta mashindano ya ubingwa wa msimu wa vuli katika Daraja la Pili, ambalo ndilo letu, kwa sababu ya korona. Haukupita muda kocha akatuita kwenye mkutano wa video na kutuambia kwamba hatutacheza mechi hata moja. Tulipangiwa kwenda kuchukua vitu vyetu mmoja mmoja, barakoa usoni. Nilikuta njumu zangu ndani ya mfuko wa plastiki ulioandikwa namba ya jezi yangu, zikiwa bado na nyasi kavu za mazoezi ya Machi katikati ya meno yake. Niliketi nazo ngazini muda mrefu.

Nyumbani hamkunielewa, wala siwalaumu, kwa kuwa Ligi Kuu yetu iliyosimama Machi ilikuwa imerejea Juni 13, na huku mtu aliye Marekani anasema mpira umefutwa.

Sasa sikia habari ya fedha. Katika daraja letu, timu ya soka ya wanaume iliruhusiwa ufadhili unaolingana na nafasi tisa kamili tu, na kocha huugawa vipande vipande kwa wachezaji zaidi ya ishirini. Kipande changu kilipunguza karo. Mkononi mwangu haikupita hata senti. Dola nilizokuwa nikituma zilitoka kwenye masinki ya kantini ya chuo, ambako niliosha sahani usiku baada ya mazoezi, kwani viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi nje ya chuo bila kibali maalumu, na hata ndani ya chuo mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wanafunzi walipoondoka mabwenini, kantini ilifungwa, na paa la mama likasimama hapo.

Julai 6, serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi wa kigeni anayesoma kila somo kwa mtandao asibaki nchini. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vilikwenda mahakamani, na Julai 14 agizo likaondolewa. Siku hizo zote sanduku langu lilikuwa limefungwa kando ya kitanda. Mama alipopiga simu nilimwambia mambo ni mazuri, kisha nikamtumia picha ya mwaka uliotangulia nikiwa nimevaa jezi. Uvumi unaouma leo niliupanda mwenyewe, na hilo naliomba radhi.

Kwa hiyo usije kwa kutegemea miguu yako. Maliza kidato cha sita kwanza. Lakini barua ya chuo ikikufikia, usiikatae hata kidogo, kwa sababu mimi shahada ninayo leo na mpira ndio ulionifungulia mlango. Uliza kwa maandishi ufadhili unalipa nini, bweni linalipwa na nani, na kama ni wa mwaka mmoja au minne. Wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, jambo nililoligundua nikiwa nimeshafika. Usimwahidi mtu yeyote fedha. Mama muahidi, ila mtajie kiasi kidogo.

Mfikishie shikamoo yangu, umuulize zimebaki bati ngapi, kisha unijibu wewe, si mjomba. Njumu zile bado ninazo, na kama mguu wako umefika namba 43 nitakutumia.