Eti Butiaba ilikuwa bandari?

Swali: Habari mhariri, niko Masindi, Uganda. Babu alikuwa anatuambia eti Butiaba, hiyo kijiji ya wavuvi kando ya ziwa Albert, ilikuwa na meli kubwa. Ni kweli ama hadithi tu?

Jibu: Babu alisema ukweli ndugu yangu! Zamani za wakoloni mizigo ilitoka Masindi Port, ile bandari ya mto Nile, kwa lori, ikateremka ule mlima mpaka Butiaba, hapo ikapanda meli kwenda Kongo ama Nimule kule Sudan Kusini. Halafu mvua za 1961 na 1962 zikajaza ziwa, maji yakafunika bandari, na meli Robert Coryndon ikazama pale pale 1964. Leo utakuta akina mama wanaanika muziri, ile samaki ndogo ya ziwa, inang'aa kama fedha kwa jua, na inaniuma sana kwamba watoto hapo hawaambiwi hii historia yao.