Maswali ya Wasomaji: Treni ya Second Avenue na Deni la Harlem

Katika toleo lililopita tulichapisha maelezo mafupi kuhusu njia ya treni ya chini ya ardhi inayopita chini ya barabara ya Second Avenue, upande wa mashariki wa kisiwa cha Manhattan, New York. Tulisema kwamba njia hiyo ilianza kupangwa mwaka 1920, ikafunguliwa tarehe 1 Januari 2017 ikiwa na vituo vipya vitatu tu, ikagharimu dola bilioni 4.45 za Kimarekani, na kwamba sasa inaongezwa kuelekea Harlem Mashariki. Barua zilizotufikia ni nyingi, na baadhi ya wasomaji hawakuficha kwamba wanatushuku. Tumechagua tano, na mwandishi wetu wa masuala ya miundombinu anazijibu hapa.

Ndugu Mhariri, nimeisoma habari ile mara mbili nikidhani mpiga chapa amekosea. Ni kweli kwamba njia ya treni isiyofika kilomita tatu ilichukua miaka 97 katika nchi iliyopeleka watu mwezini? — Msomaji, Tanga

Mpiga chapa hana kosa. Ila miaka hiyo 97 haikuwa ya kuchimba. Sehemu kubwa ilikuwa ya kuahidi. Wazo la mwaka 1920 liliingizwa katika mpango mkubwa wa upanuzi uliotangazwa mwaka 1929, miezi michache tu kabla ya uchumi wa Marekani kuporomoka, na mpango huo ukawekwa kabatini. Wakati huo wakazi wa upande wa mashariki walikuwa bado na treni zilizopita juu ya nguzo za chuma, moja kwenye Second Avenue na nyingine kwenye Third Avenue. Reli hizo zilikuwa na kelele na zilitia giza mitaa iliyokuwa chini yake, kwa hiyo watu hawakusikitika sana walipoambiwa kwamba zitabomolewa na kwamba nyingine itajengwa chini ya ardhi. Ile ya Second Avenue ilikuwa imekwisha kuondolewa kufikia mwaka 1942, na ile ya Third Avenue ikafungwa katika Manhattan mwaka 1955. Kilichokuja badala yake ni mabasi. Abiria wote waliobaki walisukumwa kwenye njia moja tu ya Lexington Avenue, ambayo miaka mingi baadaye ilikuja kubeba watu wapatao milioni 1.3 kwa siku ya kazi.

Fedha nazo zilipatikana zaidi ya mara moja. Mwaka 1951 wapiga kura waliidhinisha hati fungani za dola milioni 500 wakiamini kwamba ni za njia hii, lakini zikatumika kukarabati njia zilizokwisha kuchakaa. Tarehe 27 Oktoba 1972 Gavana Nelson Rockefeller na Meya John Lindsay walifika kwenye Second Avenue, Mtaa wa 103, kuzindua uchimbaji. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo ya mtaa. Mtaa wa 103 uko Harlem Mashariki, mahali ambapo wenyewe wanapaita El Barrio, na ndipo sululu ya kwanza ilipopigwa. Mwaka 1975 jiji lilikaribia kufilisika, kazi ikasimamishwa, na mahandaki yaliyokwisha kuchimbwa, yakiwamo yale ya kati ya Mtaa wa 99 na wa 105 na ya kati ya Mtaa wa 110 na wa 120, yakafunikwa na kuachwa matupu. Uchimbaji ulipoanza tena mwaka 2007, awamu ya kwanza ilijengwa kusini zaidi, katika vitongoji vya watu wenye uwezo, na ikaishia Mtaa wa 96. Kwa maneno mengine, waliochimbiwa barabara yao kwanza ndio wanaosubiri treni hadi leo, na kwa maoni yangu upanuzi unaoendelea sasa ni kulipa deni la zamani kuliko kuanzisha jambo jipya.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Wanachimbaje chini ya maghorofa bila kuyaangusha? Na je, wanatumia baruti mjini kabisa? — Msomaji, Morogoro

Wanatumia, na hapo ndipo kazi hii inapovutia. Kuna njia tatu, na awamu ya kwanza ilizitumia zote.

Ya kwanza ni ile ya kupasua barabara kutoka juu, kuchimba, kujenga boksi la zege na kufunika tena. Hivyo ndivyo kilivyojengwa kituo cha Mtaa wa 96, kwa sababu ardhi ya hapo ni laini. Ya pili ni mashine ya kuchimba handaki, yenye kichwa cha mviringo kilichojaa visahani vya chuma kigumu vinavyozunguka na kumenya mwamba. Mashine hiyo, iliyopewa jina la Adi, ilianza kazi mwezi Mei 2010. Haikuwa mpya, kwani ilikwisha kutumika katika miradi mingine kabla ya kufika pale. Kipenyo chake kilikuwa takriban mita 6.7, na ilimaliza mahandaki yote mawili kufikia Septemba 2011. Karibu na mahali ilipoanzia safari, udongo ulikuwa haushikamani, hivyo wahandisi wakazamisha mabomba kutoka barabarani na kupitisha humo maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya nyuzi sifuri, hadi udongo ukaganda kama barafu na mashine ikaupita kama inayopita kwenye jiwe.

Ya tatu ni baruti. Vituo vya Mtaa wa 72 na wa 86 ni mapango yaliyochongwa ndani ya mwamba, na mwamba wa Manhattan hauondoki kwa sululu. Milipuko midogomidogo ilipangwa kwa saa maalumu, juu yake yakiwekwa mabamba na mikeka mizito, na vifusi vikapandishwa ndani ya mabanda makubwa yaliyojengwa katikati ya barabara ili vumbi lisiingie madirishani. Mwezi Agosti 2012 mlipuko mmoja wa Mtaa wa 72 ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokusudiwa. Mawe yalitoka hadi barabarani na vioo vya majengo ya jirani vikavunjika, ingawa hakuna aliyejeruhiwa. Mwezi Machi 2013, katika eneo la kituo cha Mtaa wa 96, mfanyakazi mmoja alizama katika tope zito akakwama humo kwa saa kadhaa, na ilibidi zimamoto wafanye kazi kubwa kumnasua, maana tope la namna ile hufyonza, na kadiri unavyomvuta mtu ndivyo linavyomshika. Alitoka hai. Mwalimu wako wa mekanika ya udongo atakueleza sababu vizuri kuliko mimi.

Hiyo dola bilioni 4.45 imekwenda wapi? Mahandaki ndiyo ghali kiasi hicho, au kuna watu wamekula? — Msomaji, Nairobi

Kwanza nisahihishe dhana, kwa sababu wengi wetu tukisikia reli ya chini ya ardhi tunafikiri gharama iko kwenye handaki. Hapa handaki lilikuwa sehemu ndogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, ambao wamelinganisha gharama za reli za mijini katika nchi nyingi, walionyesha kwamba fedha nyingi zilimezwa na vituo. Jukwaa la abiria linahitaji mita 187 hivi ili treni ya mabehewa kumi itoshee. Lakini mapango yaliyochimbwa yanazidi urefu huo kwa mbali, na nafasi inayozidi si ya abiria. Ni vyumba vya mitambo ya hewa na umeme, stoo, na vyumba vya wafanyakazi, huku kila idara ikidai vyake na kukataa kushirikiana na nyingine. Kila mita ya chumba cha mapumziko ilichongwa kwa baruti ndani ya mwamba.

Ukiongeza idadi ya wafanyakazi walio wengi kuliko wanaohitajika kwingineko kwa mashine kama hizo, wakandarasi wachache wanaoshindania zabuni, mabadiliko ya michoro katikati ya kazi, na washauri wanaolipwa kwa miaka mingi, utaona bilioni zinavyotoweka mchana kweupe bila mtu kuvunja kufuli. Sisemi kwamba wizi hauwezekani. Nasema tu kwamba hapa haukuhitajika.

Hata hivyo kuna mahali palipookolewa fedha, napo napapenda. Kituo cha Lexington Avenue na Mtaa wa 63 kilifunguliwa mwaka 1989 kikiwa na ukuta mrefu kando ya jukwaa. Kwa miaka 27 abiria waliuegemea wakisubiri treni bila kujua kwamba nyuma yake kulikuwa na nusu nyingine ya jukwaa pamoja na njia ya reli iliyokwisha kujengwa kwa ajili ya Second Avenue. Ukuta ulibomolewa, na treni ya Q ikapita (huko treni hutambulishwa kwa herufi au namba, na Q ndiyo inayotumia njia hii).

Mpwa wangu anapanga nyumba Harlem Mashariki, karibu na Mtaa wa 125, naye ameniambia majirani wanazungumzia kuhamishwa. Naomba unieleze upanuzi huo utafika wapi, lini, na kama kijana wetu atatupwa nje. — Mama wa msomaji wenu, Mombasa

Shikamoo, Mama. Upanuzi utakuwa na urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, kutoka Mtaa wa 96 kwenda kaskazini, ukiwa na vituo vitatu: Mtaa wa 106, wa 116 na wa 125. Kufikia hicho cha mwisho njia itakunja kuelekea magharibi hadi Lexington Avenue, chini kabisa ya kituo kilichopo, ili abiria waweze kubadilisha na kupanda treni za 4, 5 na 6 au zile za Metro-North ziendazo nje ya jiji. Mamlaka ya usafiri, MTA, ambayo iko chini ya Jimbo la New York na si chini ya meya, inasema wakazi wapatao asilimia 70 wa eneo hilo huenda kazini kwa usafiri wa umma.

Gharama inakadiriwa kuwa dola bilioni 7.7, na mwezi Novemba 2023 serikali kuu ya Marekani ilitia saini kuchangia bilioni 3.4. Mapema mwaka 2024 ilitolewa kandarasi ya kwanza, ya kuhamisha mabomba na nyaya zilizo chini ya barabara. Aliyeona Dar es Salaam ikichimbwa kwa ajili ya mwendokasi anaelewa kwa nini kazi hiyo hutangulia. Mwezi Juni mwaka huohuo Gavana Kathy Hochul aliahirisha ushuru wa magari yanayoingia katikati ya Manhattan, ambao ndio uliotegemewa kulipia sehemu ya upande wa jimbo, na kazi ikasimama. Ushuru ulianza tarehe 5 Januari 2025 kwa dola 9, kazi ikarejea, na mwezi Agosti MTA ikaidhinisha kandarasi ya mahandaki ya karibu dola bilioni 2. Mwezi Oktoba 2025 serikali kuu ikatangaza kuzuia malipo yake hadi ikague taratibu za utoaji kandarasi. Lengo lililotangazwa ni kuanza huduma mwaka 2032. Kwa historia niliyomweleza msomaji wa Tanga, mimi nisingepanga harusi kwa kutegemea tarehe hiyo.

Jambo jema ni kwamba handaki la miaka ya 1970, lile la kati ya Mtaa wa 110 na wa 120, halitatupwa. Kituo cha Mtaa wa 116 kitajengwa kwa kulitumia, na mashine zitachimba sehemu inayobaki kufika Mtaa wa 125.

Kuhusu kuhamishwa, yapo majengo yanayotwaliwa, hasa penye milango ya vituo na mitambo ya hewa. Mradi unaopokea fedha za serikali kuu unabanwa na sheria ya mwaka 1970 inayowataka wenye mradi wampe notisi ya maandishi na msaada wa kuhama hata mpangaji, si mwenye nyumba peke yake. Mwambie mpwa wako asihame kwa kusikia maneno ya ngazini. Ahame, ikibidi, baada ya kupata barua, na kabla ya kusaini chochote aulize anastahili nini, kwa sababu anayeondoka mapema kwa hiari yake anaweza kupoteza haki hiyo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kodi. Kituo kikikaribia kufunguliwa mwenye nyumba hupandisha, na sheria hiyo haimlindi mpangaji dhidi ya hilo.

Ramani niliyoiona ina treni ya T, ninyi mmeandika Q. Nani mkweli? — Msomaji, Zanzibar

Wote wawili, kwa nyakati tofauti. T ni herufi iliyotengwa kwa ajili ya njia nzima, kilomita 13.7 zenye vituo 16, kutoka Mtaa wa 125 hadi Hanover Square karibu na ncha ya kusini ya kisiwa. Sehemu ya kusini ya Mtaa wa 63 haijapata fedha za ujenzi, na mwaka 2024 gavana alitangaza uchunguzi wa kuipeleka njia upande mwingine kabisa, magharibi kwa kufuata Mtaa wa 125 hadi Broadway. Hadi sehemu ya kusini ijengwe, treni inayopita chini ya Second Avenue ni Q, hata itakapofika Harlem; ukimsubiri T kwenye jukwaa utalala hapo.