Trekta dogo linaishiwa nguvu katikati ya jaruba, likipumzika linarudi: pampu iacheni kwanza

Mkuu uliyeuliza kutoka Misungwi, usikubali pampu ifunguliwe kwanza.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mkuu ana trekta la silinda 3, nguvu za farasi (hp) 24, anavurugia majaruba kwa rotaveta, lile jembe la visu vinavyozunguka. Asubuhi linaanza vizuri. Likishapata joto la kazi, resi zinashuka zenyewe, linakohoa, wakati mwingine linazima kabisa. Akilipumzisha kidogo linawaka na kulima kana kwamba halikuwa na shida. Filta ya dizeli ameshabadilisha. Fundi wake sasa anataka kung'oa pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya silinda, ipelekwe mjini Mwanza ikapimwe.

Mimi nalima mpunga upande wa Magu. Trekta langu ni la ukubwa huohuo, lilishatumika Japani kabla ya kufika huku, na ugonjwa huu umenitembelea zaidi ya mara moja, kila mara kwa sababu yake. Msimamo wangu ni huu: pampu iliyolika au nozeli zilizochoka haziponi kwa kupumzika. Utaona dalili tangu asubuhi, nguvu ndogo, moshi, kuwaka kwa taabu. Ni kweli pampu iliyolika husumbua zaidi ikipata moto, kwa sababu dizeli inakuwa nyepesi na kuvujia ndani, lakini hiyo ingekutesa hata kuwasha injini ikiwa ya moto. La kwako unasema linawaka mara moja. Kitu kinachokuja na kuondoka hivyo mara nyingi ni kitu kinachoziba njia kisha kinajiachia chenyewe.

Kabla ya kushika spana, mweke kijana pembeni aangalie bomba la moshi wakati resi zinashuka. Moshi mweusi maana yake dizeli ipo ila hewa haitoshi, au umelibebesha mzigo kupita uwezo wake. Kama moshi unapungua au unapotea kabisa huku injini inalegea, injini ina njaa ya dizeli. Moshi mweupe wa kukatakata pamoja na kukohoa, shuku upepo au maji kwenye dizeli. Na wewe uliyekaa juu, tega sikio: kama resi ziko palepale ila trekta ndilo linapunguza mwendo, hiyo ni klachi au matairi yanateleza kwenye tope. Injini haina kosa hapo.

Ulivyoeleza, nadhani ni njaa. Sasa jaribio ambalo lingekuokolea hela ni la dumu. Chukua dumu safi la lita 5, weka dizeli unayoiamini, lifunge imara juu ya usawa wa injini na mbali na bomba la moshi. Shusha mpira kutoka kwenye dumu hadi pale mpira wa tenki unapoingia, iwe ni kwenye pampu ndogo ya umeme au kwenye filta. Mpira wa kurudishia dizeli nao uingize humohumo dumuni, la sivyo dumu litaisha dizeli mapema. Toa upepo kwenye njia ya dizeli, ingia jarubani, lima kama kawaida, na usilionee huruma. Likipita ule muda wake wa kulegea bila kulegea, tatizo liko kwenye tenki, mfuniko, au mpira wa kutoka tenkini, na fundi wa pampu hana kazi kwako. Jaribio hili halihitaji spea hata moja.

Kwangu lilipita. Nikashusha tenki, nikamimina dizeli yote kwenye beseni jeupe. Chini kulikuwa na mchanga kiasi, na uteute mweusi kama masizi, ambao huota pale maji na dizeli vinapokutana. Lakini aliyekuwa ananisumbua alikuwa kipande cha nailoni ya bluu, ukubwa wa kucha mbili hivi. Mnajua kilikotoka. Dumu la dizeli lina mfuniko uliolegea, muuzaji anaweka nailoni juu ya mdomo kisha anakaza mfuniko ili isimwagike njiani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini nailoni za kuzibia madumu hazikuisha. Ukifungua, ule mzunguko uliokatwa na mfuniko unabaki mdomoni, unamimina, unaenda nao.

Angalia sasa kinavyofanya kazi. Trekta likiwa linanguruma bila mzigo, dizeli inayovutwa ni kidogo, nailoni imelala zake chini ya tenki. Ukiingia kwenye tope zito la mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi), injini inavuta zaidi, mkondo unaikokota nailoni hadi kwenye tundu la kutokea, inajibandika. Njia inabaki nyembamba kama sindano. Dizeli iliyomo kwenye filta inaisha taratibu, resi zinashuka. Ukizima, mvuto unakwisha, nailoni inabanduka na kulala pembeni tena. Ndiyo maana kila fundi aliyekuja alikuta trekta zima, kwa sababu alilikuta limesimama. Jani, kipande cha gunia, hata gundi iliyobanduka kwenye mfuniko hufanya mchezo huohuo.

Kwa hiyo ukikagua tenki usitosheke kupuliza mpira kwa mdomo na kusema njia iko wazi. Unapopuliza unakisukuma kile kitu kirudi tenkini, na kesho kitarudi mahali pake. Mwaga yote, suuza kwa dizeli, mulika kwa tochi. Kama tundu la kutokea lina kichujio cha waya, kitoe ukisafishe kwa mswaki.

Kabla hujashusha tenki, lakini, jaribu mfuniko wake, maana hilo ni la dakika moja. Mfuniko una kitundu cha kupitisha hewa. Kikiziba kwa vumbi na dizeli iliyoganda, tenki linajivuta lenyewe kwa ndani, dizeli inashindwa kushuka. Resi zinapoanza kuzama, legeza mfuniko. Ukisikia fyuu na injini ikapandisha pumzi, umeshapata. Na kama mfuniko wa asili ulipotea ukawekewa wa pikipiki au kizibo cha mti kilichoviringishwa nailoni, hata jaribio halihitajiki, tafuta mfuniko.

Unaweza pia kupima mtiririko. Chomoa mpira kabla ya pampu kubwa, uelekeze kwenye chupa ya maji ya nusu lita, uangalie unavyojaa (kwenye matrekta yenye pampu ya umeme washa ufunguo tu, usipige stata). Injini ya hp 24 ikifanya kazi kwa nguvu zote inakunywa kama lita 5 hadi 6 kwa saa, yaani karibu mililita 100 kwa dakika. Chupa hiyo ijae haraka kuliko hapo kwa mbali. Kama inaanza kwa nguvu kisha inafifia kadiri unavyosubiri, kuna kitu kinajibandika au tenki halipumui. Usipime mara moja ukaondoka. Jaza chupa kadhaa mfululizo.

Upepo una hila yake. Upande wa mpira unaovuta, ufa mdogo hauvujishi dizeli nje, unanyonya hewa ndani, kwa hiyo utatafuta lowano hutaliona. Mpira uliokauka kwa jua, klipsi iliyolegea, oringi (mpira wa duara wa kuzibia) ya bakuli la filta iliyokaa vibaya baada ya kubadilisha filta. Wewe umebadilisha filta karibuni, kwa hiyo hapa kagua kwa makini. Kata kipande cha mpira wa levo, ule mwangavu wa mafundi ujenzi, ukifunge kati ya filta na pampu kubwa, uangalie trekta likiwa kazini. Mapovu yakipita mfululizo, rudi nyuma kiungo kwa kiungo. Mpira huo ni wa kupimia tu, dizeli huukausha, usiuache humo msimu mzima. Na mnapotoa upepo kwenye paipu za chuma zinazokwenda kwenye nozeli, mikono iwe mbali: dizeli ya huko ina msukumo wa kupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo.

Kama injini haizami taratibu bali inakata ghafla kana kwamba mtu amezungusha ufunguo, acha dizeli, fuata umeme. Pale penye kizimio cha umeme cha dizeli, koili yake ikichoka hukata ikipata moto na kurudi ikipoa. Swichi ya kiti nayo huzima injini ukirukaruka kwenye matuta. Fyuzi ya pampu ndogo ikilegea kwenye makazi yake, mtikisiko wa rotaveta unatosha. Washa ufunguo, sikiliza pampu inatikatika. Tikisa waya, usikie kama inakata.

Filta ya hewa sitaisemea sana, kila mtu anaijua. Ipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, msiipigepige kwenye tairi. Ila mpira mkubwa unaotoka kwenye filta hiyo kwenda injini uubonye ukiwa wa moto: ukilegea, unaweza kujinywea ndani injini inapovuta kwa nguvu, na injini ikipoa mpira unarudi umbo lake. Moshi utakuwa mweusi. Kwenye rejeta pia angalia pumba na majani, kama geji ya joto inapanda.

Jambo moja ambalo watu wa huku tunalisahau. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Hizo hp 24 zilipimwa kwa viwango vya huko chini. Hapa unazo kama 21. Ukiweka rotaveta pana iliyouzwa kwa trekta la hp 24 na ukaishusha hadi mwisho kwenye mbuga yenye maji, litaonekana gonjwa hata likiwa zima. Hiyo haielezi kwa nini linazima, lakini inaeleza kwa nini njaa ndogo ya dizeli, ambayo kwenye luseni (udongo wa kichanga) usingeiona, kwenye mbuga inakulaza.

Dizeli ya madumu, ukilazimika kuitumia, ilaze usiku mzima bila kuisogeza, asubuhi vuta kwa mpira kutoka juu na uache vidole viwili vya chini. Uliza dumu lilibeba nini kabla. Huku kando ya ziwa madumu mengi yanazunguka kati ya maji, petroli ya mashine za mitumbwi na dizeli, na petroli ndani ya dizeli inaikosesha pampu ulainisho wake. Jaza tenki jioni, siyo asubuhi, maana tenki tupu usiku hutoa jasho ndani. Bakuli la filta lifungulie maji kabla ya kuwasha, yakiwa yametulia chini.

Ukifanya la dumu na bado likalegea kama mwanzo, wakati dizeli inafika kwenye pampu kubwa bila mapovu, moshi si mweusi na umeme haukati, hapo fundi wako ana haki. Lakini mwambie apime mgandamizo wa silinda zote 3 na aseti valvu kabla ya kung'oa chochote, na nozeli ziende kupimwa pamoja na pampu, siyo pampu peke yake. Utuwekee hapa rangi ya moshi, na kama lina pampu ya umeme au tenki linashusha lenyewe.