Maji maangavu, mtoto bado anaharisha

SWALI: Shikamoo daktari. Tunachota maji kwenye kisima tulichochimba mchangani, kwenye mto uliokauka. Ni maangavu, na natia klorini. Watoto wote walimeza dawa ya minyoo, lakini mdogo bado anaharisha, choo kinanuka vibaya na kinaelea kama kina mafuta. Nimekosea wapi? – Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mama. Hukukosea. Choo cha namna hiyo kinanifanya nifikirie giardia, kijidudu kisichoonekana kwa macho. Kikiwa ndani ya ganda lake huvumilia klorini kuliko bakteria, na ile dozi moja ya dawa ya minyoo haikimalizi. Mpeleke mtoto akapimwe choo. Wakikosa kitu mara ya kwanza, omba warudie siku nyingine, maana hakitoki kila siku. Usimnunulie dawa kwa kukisia. Wakati huohuo mpe ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na akilegea au macho yakididimia, usingoje kuche.

Maji yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1. Mkiishi juu ya mita 2,000, dakika 3. Najua kuni ni shida, kwa hiyo anza na ya kunywa.

Halafu tazama mtungi wenyewe. Nimeona mara nyingi maji yaliyochemshwa vizuri yakichotwa kwa kikombe kilicholala chini, vidole vimezama ndani. Tumia kata yenye mpini mrefu, itundike. Na mifugo je, inanywea hapohapo kisimani? Zungushia miiba, iwekee birika lake mbali, upande wa chini.